Sala Iliyokosa Amina

Mungu hamtupi mja wake. Ndivyo walivyosema wazee, na walisema baada ya kuona. Rafiki anaweza kukukana, ndugu wa tumbo moja anaweza kukufungia mlango, hata mguu wako mwenyewe unaweza kukusaliti njiani. Lakini aliyekuumba hakuweki chini kama mzigo uliomchosha. Wako watu wanaolitamka neno hili kila siku kama salamu, bila kulionja. Wacuka wa bonde la Mathare hakuwa akilitamka hata kidogo. Yeye alilicheka.

Wacuka alikuwa mwanamke mwenye mikono ya kubebea na mdomo wa kujibia. Miaka ile ya sabini, alikaa bondeni kabisa, karibu na mto, katika nyumba ya udongo yenye paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Aliijenga mwenyewe, tope juu ya tope, baada ya ndoa yake kuvunjika na kaka yake kule Kandara kumwambia kwamba boma lake halikuwa na nafasi ya wanawake waliorudi. Siku hiyo Wacuka aliapa kuwa hatabisha tena mlango wa mtu. Akashuka Nairobi, akajifunza kupika chang'aa, ile pombe kali iliyokatazwa na serikali, akawa anaiuza kutoka katika pipa lililokaa nyuma ya kitanda. Mwenyewe hakuinywa. "Anayechimba shimo halali ndani yake," alikuwa akisema.

Ukuta mmoja tu ulimtenga na Mirriam, mjane aliyewauzia uji mafundi wa ujenzi. Kila Jumamosi asubuhi Mirriam alikusanya wanawake wachache nyumbani kwake wakaimba na kuomba, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba kama chapati, Wacuka aliomba nao apende asipende.

"Mirriam," alikuwa akiita kutoka upande wake, "mwambie huyo Mungu wako apaze sauti. Huku simsikii."

"Yeye anakusikia wewe," Mirriam alikuwa akijibu, "na majirani wote pia."

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa nne, Wacuka alikuwa mtoni akisuuza madebe alipoliona lori likisimama kule juu barabarani. Hakuhitaji kuambiwa ni la nani. Bondeni kote hata kuku walilijua. Wakashuka wanaume wenye makoti mazito, mmoja ana nyundo kubwa begani, mwingine mtaimbo, wakaanza kuteremka kimyakimya kama watu wanaokwenda kuzika. Walikuwa askari wa baraza la jiji, wale wa kubomoa.

Moyo wa Wacuka ulipiga kama ngoma ya tohara. Nyumba ikibomolewa, ataelekea wapi? Kandara? Heri kulala chini ya daraja. Na wakikuta pipa, nyumba itakwenda na mwenyewe ataingia rumande. Akatupa madebe, akakimbia, akalikumbatia lile pipa na kulitoa nje huku akilibingirisha. Nje akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na pa kulificha. Palikuwa na mlango mmoja tu uliokuwa wazi, nao ulikuwa wa Mirriam.

Mle ndani watu walikuwa wamefumba macho katikati ya sala. Wacuka akaliingiza pipa polepole, akalisimamisha pembeni, akavuta kitambaa cheupe kilichokuwa juu ya meza na kulifunika. Kisha akapiga magoti kando yake, akaulaza mkono mmoja juu ya mwingine kama malaika wa kuchongwa.

"Hodi," sauti nzito ilisema mlangoni.

Mirriam hakufumbua macho. "Karibu. Tunaomba."

Aliyesimama pale alikuwa mkubwa wa wale askari, mtu mrefu aitwaye Mativo. Alivua kofia. "Mama, hili ni kanisa?"

Wacuka alimfinya Mirriam amwambie ndiyo.

"La," alisema Mirriam. "Ni nyumba yangu ya kulala. Lakini sasa hivi naongea na Mungu ndani yake."

Mativo akakuna kisogo. "Nimeambiwa nianze na nyumba ya mwisho nipande juu, na ya mwisho ni hii. Lakini baba yangu alikuwa mzee wa kanisa kule Mbooni. Niliwahi kuchapwa kwa kufumbua macho kabla ya amina, na mpaka leo nikiona watu wanaomba mgongo unaniwasha. Siwezi kukukatiza. Malizeni. Mkisema amina, mtoe vyombo, tuanze kazi."

Akatoka. Nyumba zote za safu ile ziliegemeana kama walevi wanaotoka kilabuni. Ukiangusha moja, ya pili inafuata. Kwa hiyo watu wote wa safu ile, pamoja na Wacuka, walikuwa wananing'inia kwenye neno moja tu ambalo Mirriam hajalisema bado.

Habari ilipita nyuma ya nyumba kwa mnong'ono: usiseme amina. Muda si muda wakaanza kuingia. Aliingia Mzee Idarusi, muuza kahawa, na birika lake la shaba mkononi, mkewe Kadija akimfuata na mkeka. Aliingia Phares, mteja mkuu wa Wacuka, godoro kichwani.

"Ibada imefika wapi?" Phares aliuliza.

"Imefika mahali pa kunyamaza," Wacuka alimjibu. "Piga magoti."

"Bibi Mirriam," Mzee Idarusi alinong'ona, "mimi si wa kanisa lenu."

"Mzee wangu, Mungu ni mmoja na nyumba iliyobaki ni hii. Sauti ikinikauka utanipokea. Ila lile neno la mwisho usilitamke."

"Lakini sisi huliitikia kila baada ya dua."

"Leo lifungie kinywani."

Mirriam akaomba. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akawataja watu wa bondeni kwa majina yao na majina ya watoto wao, akahamia kwa wagonjwa wa mitaa jirani, akafika mpaka mbuzi. Sauti ilipomkauka, Mzee Idarusi akainua viganja akashika dua ndefu, tamu, yenye mawimbi, na kila ilipokaribia mahali pa kuitikiwa, Kadija alimkanyaga kidole cha mguu. Phares naye akapewa zamu. Maskini, alikumbuka sala moja tu, ile ya kushukuru chakula, akaisema na kuirudia hadi watu wakaanza kusikia njaa.

Nje askari walinung'unika. "Afande, watu gani hawa wana dhambi nyingi namna hii?"

"Ngojeni," alisema Mativo. Mbingu nazo zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi kama sufuria la harusini.

Phares alipochoka, zamu ikabaki bila mtu. Mirriam akamshika Wacuka mkono.

"Wewe."

"Mimi? Mungu na mimi hatujuani."

"Basi jijulishe."

Wacuka akafumba macho. Aliazimia kuomba kwa ujanja, maneno marefu yasiyo na mkia, kama anavyomsemesha polisi mpaka wateja wapitie nyuma.

"Mungu," alianza, "mimi ni Wacuka. Yule wa upande wa pili wa ukuta. Unanijua kwa kelele." Mtu akakohoa. "Nimekuja nyumbani kwako, yaani kwa Mirriam, na nimekuja na mzigo, unauona hapo chini ya kitambaa, sina haja ya kukueleza ni nini. Nakusalimu sana. Salimia na wote walioko huko."

Akatafuta la kuongeza, akakosa. Akatafuta tena. Na hapo, badala ya ujanja, kilichomjia mdomoni kilikuwa kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Nyumba yangu si kitu, ukikohoa inaanguka. Lakini ndiyo ya pekee ambayo sikubisha mlango. Nilibisha kwa mume, nikabisha kwa kaka, nikasema basi, nitajilinda mwenyewe. Sasa nimechoka, Mungu. Nalala jicho moja wazi miaka yote hii. Nalinda pipa, nalinda mlango, nalinda mdomo. Wakivunja, sina pa kwenda. Nakubishia wewe. Ukinifungulia nitaingia, ukininyamazia nitakaa hapo hapo nje, maana hakuna mlango mwingine."

Mvua ilipiga paa kwa kishindo, kubwa, ya matone mazito. Katikati ya kelele ile Wacuka alisikia mtu akipiga chafya nje. Akakumbuka kwamba kuna watu wanaonyeshewa.

"Na hao walioko nje wafunike pia," alisema. "Wamezaliwa na mama zao. Amina."

Neno lilikuwa limeshatoka. Sala ya kweli ina mwisho wake, nayo ilikuwa imejimaliza yenyewe. Macho yakafumbuka nyumba nzima, yote yakamwelekea yeye.

"Wacuka," alisema Phares polepole, "umetumaliza."

"Amina," Mativo aliitikia kutoka mlangoni. Maji yalimchuruzika puani, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye haraka. "Haya. Toeni vyombo."

Wacuka akasimama. Aliutafuta woga wake wa asubuhi asiuone. Ulikuwa umekwenda bila kuaga. Alichungulia nje. Njia ya kupandia barabarani ilikuwa tayari imegeuka tope jekundu, lori halionekani, na wale wenye nyundo wamejikunyata ukutani kama kuku wa kienyeji.

"Afande," alisema, "kazi ni kazi, sikuzuii. Lakini mvua hii hata nyundo hamtaishika. Ingieni kwanza."

"Unatukaribisha katika nyumba tuliyokuja kuivunja?"

"Si yangu, ni ya Mirriam. Mimi nimejua leo tu jinsi ya kukaribishwa."

Mirriam akatikisa kichwa kukubali, naye tayari alikuwa akitafuta vikombe. Wakaingia, wakabanana, wakanuka sufu iliyolowa. Uji ulitoka sufuriani, kahawa ikatoka katika birika la Mzee Idarusi. Mativo alitafuta pa kuegemea akapata lile pipa. Akavuta pumzi mara moja, mara mbili. Akainua pembe ya kitambaa, akaishusha.

"Na hili nalo limeokoka?"

"Liko njiani, afande," alisema Wacuka.

Hata Kadija, ambaye hakucheka ovyo mbele ya wageni, alificha uso kwenye buibui.

Mvua ilizidi. Sasa paa la Mirriam lilikuwa na tundu pale pale juu ya Mativo, na maji yakawa yanamdondokea shingoni. Akasogea kulia, yakamfuata. Akasogea kushoto, hapakuwa na nafasi, alikuwepo Phares na godoro lake. Mwishowe akachoka.

"Hakuna msumari hapa?" aliuliza. "Na kipande cha debe?"

Wacuka alikimbia kwake akaleta. Mativo akapanda juu ya kigoda, akamnyang'anya askari wake mmoja nyundo ndogo, akaupiga msumari mmoja, akaupiga wa pili, akajaribisha kwa kiganja, akaupiga wa tatu. Tundu likaziba. Akashuka akijipangusa, na uso wa mtu aliyefanya kazi nzuri. Ndipo alipoona kwamba watu wote wanamtazama.

Akaitazama nyundo. Akalitazama paa. Mmoja wa askari wake akaanza kucheka kwa pua, akashindwa kujizuia, na kicheko kikasambaa nyumba nzima kama moto katika nyasi, hadi Mativo mwenyewe akaketi juu ya kigoda akajishika mbavu.

"Sasa nitawaambia nini wakubwa?" aliuliza, akifuta machozi. "Siwezi kuvunja paa nililolipigilia kwa mkono wangu. Marehemu baba atanijia usingizini na fimbo."

"Waambie ukweli," alisema Mirriam.

"Kwamba nilikuta watu wanaomba, mvua ikaninyeshea, mama mmoja akaniombea nifunikwe, nikafunikwa?"

"Hayo hayo."

Mvua ilipopungua, askari walipanda kilima na nyundo zao begani, na Mativo akaenda kuusema ukweli ule. Alikaripiwa hadi masikio yakawaka, kisha akahamishiwa kulinda lango la Soko la Burma. Waliomwona huko walisema hakuonekana kusikitika. Mtu akilinda mahali pa nyama choma, harufu peke yake ni nusu ya mshahara. Masika yale yalikuwa marefu, hakuna lori lililothubutu kushuka bondeni, na kabla udongo haujakauka chifu aliwaita watu akawaambia kwamba safu ile isingeguswa mpaka watafutiwe mahali pengine pa kuishi.

Wacuka aliimwaga chang'aa mtoni siku ile ile ya mvua, Phares akiitazama ikienda zake kama mtu anayesindikiza jeneza. Tangu hapo alipika uji pamoja na Mirriam, na mafundi walisema uji wake una ukali kidogo lakini unashibisha. Jumamosi alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Hakujifunza kuomba kwa maneno mazuri. Aliomba kama anayezungumza na mtu wa nyumba moja.

Phares, ambaye hakuacha kuona kwamba alionewa, alimngoja njiani asubuhi moja.

"Wacuka, niambie bila kunificha. Siku ile ilikuwa ni mvua au ni Mungu?"

"Na mvua ilikuwa ya nani?" alijibu Wacuka, akampimia kikombe cha uji. "Mimi nilibisha, nikafunguliwa. Kunywa kabla haujapoa, na ukimaliza, mwenyewe utasema."

Phares akanywa hadi chini, akalamba midomo, akafikiri sana. Kisha akasema lile neno ambalo mtaa mzima wa bondeni ulikuwa umeliona kwa macho yake: kweli, Mungu hamtupi mja wake.