Sweta Sitini na Nafasi Moja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nitaianza mimi, lakini mwisho wake sina. Mwisho mtautia ninyi.

Njombe, mji wa baridi, palikuwa na mama aliyefuma sweta za shule, jina lake Mama Mgaya. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kufumia, ovaloki ya kuunganishia na meza ya kupokelea wateja. Mwaka ule alichukua vijana watatu waliomaliza kidato cha nne ili awafundishe kazi. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia, "Mwaka ukiisha nitamwajiri mmoja. Wawili watarudi kwao."

Labda alitaka wakazane. Walikazana kweli, ila nusu ya nguvu zao iliishia katika kutazamana.

Binti mmoja, Lusungu, alikuwa na mikono. Kile kigari kinachopita juu ya sindano kilitembea mikononi mwake bila kusita, na hakuna tanzi la uzi lililomponyoka.

Ahazi alikuwa na jicho. Akiunganisha kifua na mgongo kwa ovaloki, ungegeuza sweta nje na ndani ukitafuta mshono ulipo.

Skola alikuwa na ulimi. Mteja aliyeingia na hasira alitoka akiaga mara mbili.

Basi Mama Mgaya alikuwa na desturi. Kila Jumatano vijana walihama viti: wa mashine aende mezani kwa wateja, wa wateja aende kwenye ovaloki, wa ovaloki aende kwenye mashine. Jumatano iliyofuata akawapanga kwa namna nyingine.

"Mama, kwani mpishi anatumwa kukamua ng'ombe?" Lusungu aliuliza siku moja.

"Mkamuaji akiugua, mpishi atapika chai isiyo na maziwa?" akajibiwa.

Vijana waliichukia Jumatano. Kila mmoja aliiona kama siku ya kuibiwa. Lusungu, kabla ya kuachia mashine, alikizungusha kidogo kifundo cha kukazia uzi, ili atakayekaa baada yake afume kitambaa kilegevu kama wavu. Kisha akaenda mezani, akakaa kimya mbele ya wateja mpaka Mama Mgaya mwenyewe aje kuwasemesha. Hakutaka kujifunza meza. Aliona kwamba akijua viti vyote, hatasifiwa tena kwa kile kimoja.

Ahazi, zamu yake ya wateja ilipofika, aliandika vipimo huku shingo imegeukia kwenye mashine.

"Ahazi, mteja yuko mbele yako, hayuko begani kwa Lusungu," Skola alimtania.

"Naangalia dirisha."

"Dirisha lina sindano?"

Hakuwa akiangalia dirisha. Alikuwa akihesabu jinsi Lusungu anavyokizungusha kile kifundo, na ilipofika zamu yake akakirudisha polepole bila kumwambia mtu.

Skola yeye alikaa kwenye ovaloki, akaharibu, akafumua, akaharibu tena. Ahazi alicheka mpaka akashika tumbo. "Dada Skola, hiyo ni sweta au soksi ya ng'ombe?" Skola alifumua upya. Lakini msidhani alikuwa malaika. Wateja waliposifu mikono ya Lusungu mbele yake, alizipokea sifa zile kwa tabasamu na hakuzifikisha hata moja.

Mwaka ukaenda hivyo, ukafika mwezi wake wa mwisho, Januari. Mwalimu Ngailo, mkuu wa shule moja ya bweni, akaagiza sweta sitini za kijani. Zifike Jumatatu ya kufungua shule. Zisipofika, angehamia kwa mfumaji mwingine moja kwa moja, na karakana ingempoteza mteja wake mkubwa. Bila mteja huyo, hata ile nafasi moja isingekuwepo.

"Mama," Lusungu akasema, "oda ni kubwa. Wiki hizi tusihame viti."

Mama Mgaya akakubali, na Lusungu akaishikilia mashine kama mtu aliyeshikilia mlango. Wenzake walipotaka kumpokea hata saa ya chai, alikataa. Alifuma siku nane, sweta arobaini. Alhamisi asubuhi kiwiko chake cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kama kiazi, na vidole havifungi.

Sasa tazameni kilichofuata.

Ahazi alisimama. "Nitafuma mimi."

"Wewe? Umejua lini?" Lusungu akauliza.

"Tangu Machi."

Akakaa, na kabla ya jambo lolote akakirudisha mahali pake kile kifundo, kilichokuwa kimelegezwa tena. Lusungu aliona, akainamisha uso. Ahazi akafuma ishirini zilizobaki, usiku na mchana, na kitambaa chake, ukikiweka kando ya cha Lusungu, ungetupa shilingi kuchagua kipi ni cha nani. Asingefuma yeye, oda ingeishia arobaini.

Lakini Ahazi akiwa kwenye mashine, ovaloki ikabaki bila mtu, na nusu ya sweta zilikuwa bado vipande. Macho ya Mama Mgaya yalikuwa yameshachoka, aliweza kupiga pasi tu. Skola akavuta kiti. Ahazi alikuwa na ujanja wake wa kuvuta shingo ya sweta ili isijikunje, ila hakuusema, naye Skola hakuuliza. Hakuwa na haja. Alikuwa ameharibu shingo nyingi sana katika Jumatano zake kiasi kwamba vidole vyenyewe vilishajua pa kuvuta. Akaunganisha thelathini. Asingeunganisha yeye, mwalimu angepelekewa gunia la vipande.

Jumamosi mchana uzi ukaisha. Mkono wa Ahazi, ingawa jicho halikuona, ulikuwa mzito kidogo, umekula uzi zaidi. Sweta nane zilikosa mikono, na kijani kile kilipatikana kwa kuagiza kutoka Dar es Salaam tu. Ilibidi mtu akazungumze na Mwalimu Ngailo. Skola hakuweza kuinuka kwenye ovaloki, Mama Mgaya alikuwa na pasi, na Ahazi alikuwa akikata nyuzi zilizoning'inia. Aliyekuwa hana kazi ni Lusungu, yule wa kukaa kimya.

Hakumwomba Skola amfundishe la kusema. Skola naye hakumpa. Akapanda bodaboda, mkono umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sweta ziko wapi?"

"Zitafika zote sitini. Ila nane hazina mikono."

"Hazina mikono! Kwa baridi hii? Binti, unanitania?"

Lusungu alijua kuliko watu wote utamu wa kukalia kiti peke yako, akauliza, "Mwalimu, shule yako ina viranja wangapi?"

"Wanane."

"Wape wao, wavae juu ya shati la mikono mirefu. Ukiwapa viranja kitu ambacho wengine hawana, hakuna atakayeuliza mikono ilikwenda wapi. Watauliza wao watapewa lini."

Mwalimu Ngailo alimtazama, akaanza kucheka. Jumatatu sweta zikapokelewa, na mwaka ule wanafunzi wengi kuliko kawaida waligombea ukiranja. Asingekwenda yeye, oda ingerudishwa.

Mama Mgaya akawaita wote watatu.

"Aliyefuma ni mimi," alisema Ahazi. "Bila kitambaa, Skola angeunganisha upepo?"

"Ulichofuma ni changu," alijibu Lusungu. "Umekiiba kwa macho."

"Na wewe uliyelegeza uzi mwaka mzima, je? Halafu umeongea dakika kumi tu, unataka ajira!"

"Dakika kumi ambazo sikufundishwa na mtu. Ninyi mlikuwa na mwaka."

"Mimi sikuchungulia mtu wala kulegeza kitu," alisema Skola. "Nilihama kiti nilipoambiwa nihame."

"Na sifa zangu ulizozimeza?" Lusungu akauliza, maana wateja walikuwa wameshamwambia.

Mama Mgaya aliwatazama mmoja mmoja. Ahazi alijifunza kazi ya mwenzake vizuri kuliko wote, na aliyemfundisha ni wivu. Skola alijifunza kwa kutii na kuchekwa, taratibu, na hakupita kiwango cha wastani. Lusungu alikataa kujifunza mwaka mzima na ubishi wake ndio uliomvimbisha mkono, lakini siku ilipombana aligeuka kuwa mtu mwingine kwa dakika kumi. Kesho kutwa karakana itapata tatizo jingine, ambalo hakuna kati yao aliyewahi kuliona. Atakayebaki ndiye atakayelikabili.

Mimi nimewapima mara nyingi, na kila nikimwinua mmoja nawaona wawili wanaorudi kwao.

Haya, wasikilizaji wangu: yupi kati ya hawa anajua kweli kubadilika na kazi? Ungekuwa Mama Mgaya, ungemwambia nani abaki, na wale wawili ungewaambia nini mlangoni?