Jina Moja la Mtoto wa Tusekile

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto mgongoni amshushe ampakate, maana hukumu ya leo inawahusu na wao.

Katika hospitali moja ya milimani, kwenye migomba na ukungu, walikuwapo watu watatu waliotafiti kwa nini watoto wengi wanabanwa na kifua. Dokta Eliwaza alijaliwa sikio: aliisikia filimbi ndani ya kifua cha mtoto hata mvua ikipiga bati. Sista Tumpe, muuguzi, alijaliwa ulimi: mama mwenye haya kuliko wote angemsimulia hata ugomvi wake na mawifi. Bwana Gwakisa, mtunza kumbukumbu, alijaliwa jicho: kosa kwenye orodha ya watu elfu aliliona kama wewe unavyoona jiwe kwenye mchele.

Tusekile alikuwa na binti wa miaka mitatu, na mimba ya miezi minane. Kila baada ya wiki chache binti alibanwa, akapelekwa hospitali, akapewa dawa ya kikohozi, akarudi nyumbani. Siku alipomwona midomo imekuwa ya rangi ya majivu, Tusekile aliapa: "Atakayemponya mwanangu, huyu aliye tumboni atabeba jina lake."

Kikwazo kilikuwa kanzidata, lile daftari la utafiti la kwenye kompyuta. Alilitengeneza fundi wa mjini ambaye hakuwahi kumpakata mtoto mgonjwa. Lilimuuliza kila mtoto kazi yake, na usipojaza halisogei. Bwana Gwakisa akawa anajaza "mkulima". Hospitali ikawa na wakulima mia mbili na kumi wanaonyonya, na mmoja, kidole kilipoteleza, akawa mjane.

"Kaka, tuondolee hilo swali la kazi," Dokta Eliwaza alimwomba fundi kwa simu.

"Andikeni barua. Tutaliangalia mwakani."

Mganga mkuu aliposoma habari za wakulima hao, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Tengenezeni la kwenu," akasema. "Hawa watoto mnawajua nyinyi." Wakapewa programu ya kupangia maswali wenyewe, kama mtu anavyopanga vyombo kabatini.

Dokta Eliwaza alitaka maswali mia na arobaini.

"Dokta, tukifika la themanini mtoto ameshaota ndevu," Sista Tumpe akamwambia.

Akanuna, akapunguza, akabakiza machache. La kwanza: je, kifua kinapiga filimbi?

Sista Tumpe aliweka swali ambalo mtu wa mjini asingeliwaza: bibi wa kwa baba anamwitaje mtoto, na bibi wa kwa mama je? Maana kule kila bibi hutoa jina, na anayempeleka mtoto hospitali hulitaja lile la upande wake.

Bwana Gwakisa yeye alihamishia humo orodha za zamani, akaliagiza daftari lilinganishe majina yote, jina la mama na kijiji. Mtoto akirudi mara ya tano, mstari wake ugeuke mwekundu.

Siku ya soko Tusekile aliingia mbio, anahema kuliko mwanawe. Hata katika hofu ile aliyaona mambo. Sista Tumpe alipuliza viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa mtoto. Dokta Eliwaza alianza kumpima mwanasesere wa gunzi, ili mwenye gunzi asilie. Bwana Gwakisa alimpa Tusekile kiti chake, akaandika amesimama.

"Bibi zake wanamwitaje, mama?" aliuliza Sista Tumpe.

"Mama mkwe anamwita Sekela. Mama yangu, Subilaga. Kwenye kadi ni Evelina."

"Filimbi ipo," alisema Dokta Eliwaza.

Bwana Gwakisa akabonyeza. Mstari ukawa mwekundu kama nyanya. "Jamani! Sekela mara tatu, Subilaga mara nne, Evelina mara mbili. Hawa watatu ni mtoto mmoja!"

"Mara tisa, na filimbi juu yake? Hiki si kikohozi," alisema Dokta Eliwaza. "Ni pumu."

Binti akapewa dawa ya kuvuta. Mchana alikuwa akifukuza kuku wa hospitali.

Wiki tatu baadaye Tusekile alijifungua msichana, na wote watatu, waliokuwa wamesikia kiapo chake, wakafika kitandani.

"Bila filimbi yangu mngejua amekuja mara tisa, basi," alisema Dokta Eliwaza.

"Bila swali langu, filimbi ingekuwa ya siku moja," alisema Sista Tumpe.

"Na bila mstari wangu, nani angeyakutanisha hayo majina? Halafu Gwakisa hata msichana linamfaa."

"Hilo jina lina ndevu!" alidakia Sista Tumpe.

Tusekile akawahurumia. "Basi ataitwa yote matatu."

"Hapana!" walipiga kelele kwa pamoja. "Majina matatu nusura yamuue dada yake!"

Bwana Gwakisa akamsogezea kadi na kalamu. "Mama, andika moja tu. Ndivyo tulivyolipanga daftari wenyewe: jina la kwenye kadi ni moja."

Tusekile alivitazama vile viganja, akalitazama gunzi mkononi mwa bintiye, akakikumbuka kile kiti. Kalamu ikagusa kadi, ikasimama. Mtoto akapiga chafya.

Haya, wewe uliyempakata wako, ishike hiyo kalamu. Ungeandika jina la nani?