Faili la Sultani Mwengo

Hapo zamani, wala si zamani sana, kwa kuwa kompyuta zilikwishaingia majumba ya wafalme, palikuwa na maskini mmoja akiitwa Machano, karani wa Sultani Mwengo. Kanzu yake ilikuwa moja, na akili yake, kama alivyopenda kusema mwenyewe, ilikuwa nusu.

Sultani alitunga shairi la harusi ya bintiye, akaagiza lihifadhiwe ndani ya kompyuta kwa jina lake, kisha akaingiwa na hofu ya wezi wa mashairi. Akamwamuru Machano, "Lifunge faili hili. Asilisome mtu, asiandike humo mtu, awaye yote! Na mtumishi atakayelifungua nitamkata mkono."

"Nimesikia, Bwana wangu," akajibu Machano. "Kazi ya kufunga haihitaji akili, ndiyo maana naiweza."

Basi akaandika amri ya mstari mmoja, akaondoa ruhusa zote: ya mwenye faili, ya watu wa baraza na ya walimwengu waliosalia.

Siku ya harusi ikawadia, wageni wakajaa ukumbini, na Sultani akaenda kulichukua shairi lake. Akalibofya kwa kipanya, na kompyuta ikamjibu: Huna ruhusa.

"Machano! Umenifungia hata mimi?"

"Ulisema awaye yote, Bwana wangu. Mwenye akili angeuliza."

"Lifungue sasa hivi, au nakukata kichwa!"

Machano akaogopa sana, maana akifungua hana mkono, na asipofungua hana kichwa. Akasema, "Kichwa changu hakijanifaa sana, lakini mkono huu ndio unaonilisha. Amri yako imewakataza watumishi. Faili ni lako, nawe si mtumishi wa mtu. Keti, Bwana wangu, uandike wewe amri ya kulifungua, nami nikutajie herufi."

Ikawa Sultani, ambaye tangu azaliwe hajagusa kibodi, akaketi akidonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku, na mawaziri wakiziba vinywa kwa kucheka. Akakosea mara nne, na mara ya tano faili likafunguka.

Akarudi ukumbini, akasoma. Ubeti wa kwanza, wageni wakatazamana. Ubeti wa pili, bibi harusi akajifunika uso. Ubeti wa tatu Sultani akasikia mwenyewe jinsi shairi lake lilivyo baya, akasita, kisha akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Machano," akasema akijifuta machozi, "chukua kanzu mpya, na ulifunge tena. Na safari hii, hata nikitaka kichwa chako, usinitajie herufi."