Kazi Isiyowezwa na Wenyeji

Mwanakheri alipohitimu uuguzi wa wazee ughaibuni, aliomba ukaazi wa kudumu. Afisa uhamiaji akambetulia midomo.

"Anayebaki hapa ni mwenye kazi isiyowezwa na wenyeji. Kulea wazee nani asiyeweza?"

"Sawa, bwana, nitarudi kwetu. Ila kuna bibi mmoja nimemzoesha kukandwa miguu alfajiri, kunywa uji wa pilipili manga, na kuimbiwa taarabu mpaka asinzie. Wauguzi wenyeji wote amewatimua kwa bakora."

"Mpeleke kwa jamaa zake basi!" afisa akacheka.

"Ndiyo nimemleta. Yuko nje kwenye teksi na masanduku yake. Anasema mkwewe ni wewe."

Afisa alichungulia dirishani, akarudi mezani mbio. Muhuri uligongwa kabla bibi hajashusha mguu wa pili.