Kwa Nini Upepo wa Begani Hauna Maneno

Hamna haya nyinyi. Mtu ana kunde za kuchambua, mnamjia na "Bibi, hebu tusimulie." Haya yote kayaleta mwenzenu huyu, Mbonea. Kaendesha gari peke yake kutoka Songea, kabakiza kipande kidogo tu afike kwangu, eti kasimama pale Begani kutazama bonde. Chai yangu inapoa, yeye anatazama bonde! Sasa anauliza kwa nini kila msafiri wa peke yake husimama pale na kupaza sauti kabla ya kushuka. Haya, sogeeni. Atakayesinzia atachambua kunde.

Zamani Upepo alikuwa na maneno. Msidhani ni hizi kelele mnazosikia. Alizungumza kama mimi na nyinyi, tena kwa ufasaha kuwashinda wengi wenu. Kazi yake ilikuwa kupeleka salamu. Msafiri aliyetoka mbali peke yake, akifika pale mlima unapoinamisha bega na bonde lote likaonekana hadi kwenye paa la mama yake, hakuruhusiwa kushuka. Alikaa, akampa Upepo neno la kupeleka nyumbani, akangoja. Nyumbani wakilipata, walitupia majani mabichi motoni, moshi mzito ukapanda, ndipo akashuka. Moshi usipoonekana, maana yake nyumbani kuna jambo. Labda kuna mzazi bado yumo ndani na kichanga, labda kuna maradhi, na mtu wa njiani asiingie na vumbi lake. Ulikuwa mwiko, na watu waliushika.

Basi alikuwapo mwanamke akiitwa Nakijwa. Kwao chumvi iliisha, na chumvi ilipatikana nyikani, mbali sana. Kaka zake walikuwa na miguu mizuri, lakini ya kuchezea ngoma. Nakijwa akajifunga majembe mgongoni ya kubadilishana, akaenda peke yake. Mama yake alibaki kitandani, mgonjwa, macho hayaoni tena. Alimwambia, "Nenda, mwanangu. Siondoki kabla sijasikia kwamba umefika Begani. Nikisikia hivyo, nitajikaza mpaka uingie mlangoni."

Alikaa huko muda mrefu. Siku aliporudi, mzigo wa chumvi kichwani, visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi, alifika Begani asubuhi. Akaliona paa la mama yake. Akakaa chini, akalia kidogo, kisha akacheka.

"Mwambie mama nipo Begani," akamwambia Upepo. "Neno hilo tu. Usiliongezee chumvi, chumvi ninayo mimi."

"Hesabu limeshafika," Upepo akajibu, akateremka mbio.

Kumbe huko chini watu walikuwa wanakunywa pombe ya miwa. "Upepo, kaka yetu! Pita hapa, za huko utokako?" Mnamjua mwenye maneno mengi akiitwa kaka. Akasimama. Akawapa ya mke wa nani katoroka na mbuzi wa nani katumbukia kisimani. Wakacheka, akarudia. Jua likapanda, likaanza kuinama, yeye bado anarudia.

Alipofika kwa yule mama, mama alimsikia akigusa mkeka wa mlangoni. "Una neno langu?"

Angeweza kusema: ninalo, nimechelewa, nisamehe. Lakini aibu ilimshika. Akafikiri, nikilitoa sasa wataniuliza nilipewa saa ngapi. Kesho nitalileta kama jipya. Akasema, "Njia ni nyeupe, mama. Hakuna mtu Begani."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Mama akaachia ukingo wa kitanda aliokuwa ameushika tangu alfajiri, akageukia ukutani.

Nakijwa huko juu alikuwa anangoja moshi. Aliwaona hata kuku wakiparura uani kwao. Kukaa unaiona nyumba yenu na huwezi kwenda, njaa kama hiyo sijui nyingine. Jioni ikakaribia. Mapaa ya majirani yote yakatoa moshi wa kupikia. La kwao, hata uzi. Akasimama. "Kama ni maradhi, ni ya mama yangu," akasema. "Na kama ni mwiko, nitaubeba mimi." Akajaza kifua, akaita hadi majabali yakaitikia: "Mama! Ni mimi Nakijwa! Nipo Begani, ninashuka!"

Sauti ile ilifika bila kubebwa na mtu. Mama akageuka kutoka ukutani.

Nakijwa alipoingia, mama alimpapasa miguu, mipasuko na vumbi lake. "Mbona una miguu ya kizee?"

"Ni njia, mama."

"Hebu nionjeshe."

Akamtia punje ya chumvi ulimini. Mama akaimumunya polepole, kama mtoto aliyepewa muwa. "Kali," akasema. "Ndiyo yenyewe." Wakakaa hivyo, kichwa cha mmoja mapajani mwa mwenzake. Waliyoambiana sitawaambia; ya mtu na mama yake ni yao.

Kisha mama akamwita Upepo, aliyekuwa amejificha nyuma ya migomba. "Wewe uliniambia hakuna. Siku nzima mwanangu alikuwa ananitazama, na mimi nikaikosa. Huwezi kunirudishia. Basi nipe ulicho nacho."

"Mama, chukua nguvu zangu! Chukua miguu!"

"Miguu kaa nayo, utaihitaji. Nataka maneno."

Mzazi anayeaga dunia habishiwi. Upepo akayatoa moja moja, akayaweka kizingitini, na la mwisho kabisa lilikuwa lile la Nakijwa: nipo Begani. Giza halijaingia, mama akaenda zake, mkono wake mkononi mwa bintiye.

Na tangu siku hiyo, msafiri wa peke yake akifika Begani husimama, akatazama kwao, akalipaza jina lake mwenyewe, kisha akashuka. Hangoji moshi wa mtu. Upepo naye yupo palepale. Humfuta jasho, humvuta nguo kama mwenye habari, hufungua kinywa, na kinachotoka ni uuu, uuu. Maneno yote alilipa. Hakuachiwa hata lile la kuombea msamaha.