Jini Aliyeamriwa Kusikiliza Vyuo vya Kaharabu

Katika zama ambazo hesabu yake imepotea, mji wa Kaharabu ulitawaliwa na Sultani Jabiri bin Hilali, na alikuwa mfalme mwenye insafu na uadilifu kwa kadiri ya wafalme, na mji wake ulikuwa na misikiti sabini na vyuo mia na kumi na viwili ambamo watoto walisomeshwa Kurani na elimu ya dini. Na tangu enzi za babu yake hapakuwa na askari wala karani wa dola aliyepata kuvuka kizingiti cha chuo, kwa kuwa ilisemwa kwamba dini ni ya Mola, na dola ina shughuli zake nyingine.

Na Sultani alikuwa na mwandishi wa baraza, jina lake Shawali bin Tamimu, mtu aliyefiwa na mkewe akabaki na binti mmoja tu wa miaka saba, aitwaye Zamzami. Binti huyo alisoma kwa Mwalimu Farahani, katika ghorofa ya juu ya nyumba kongwe, chumba cha watoto ishirini kilichotiwa watoto sitini. Siku moja Shawali alikwenda kumchukua, na alipoikanyaga sakafu akahisi inabonyea, na alipoinama kutazama akaona boriti zimeliwa na mchwa. Akataka kusema. Kisha akajiambia kwamba yeye ni mtu wa dola na hapa si mahali pa dola, akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao.

Siku kumi na moja baadaye, asubuhi, watoto wakiwa wanasoma kwa sauti moja, sakafu ile ilianguka. Walikufa watoto tisa, na Zamzami alikuwa miongoni mwao. Mwalimu Farahani alivunjika miguu yote miwili, na watu waliomtoa kwenye kifusi walisema hakulia maumivu, bali alitaja majina ya wanafunzi wake, moja baada ya jingine, hata sauti ikamkauka.

Matanga yalipokwisha, Shawali aliingia barazani akapiga magoti, akasema, "Maulana, Mola akudumishie ufalme wako. Sikuja kumlaumu mtu, kwa kuwa niliiona sakafu ile nikanyamaza. Nakuomba pawepo mtu ambaye kazi yake ni kutonyamaza."

Sultani akaagiza hazina ifunguliwe, na humo ikatolewa pete ya shaba ambamo mmoja wa mababu zake wa kale alimfungia jini aitwaye Samtari. Na jini huyo alikuwa na ajabu hii, kwamba aliweza kuwa katika nyumba zote za mji kwa wakati mmoja, akaona kila kitu na kusikia kila neno, na hakuweza kusema uongo wala kuficha alichokijua. Shawali alipoisugua pete, jini akatokea mbele yake, mrefu, mwembamba, rangi ya majivu, mabega yameshuka kama ya mchukuzi aliyebeba tangu alfajiri.

"Labeka, bwana wangu," akasema. "Nimechoka, lakini niamuru."

"Kaa katika vyuo vyote, uniambie kila unachokiona na kukisikia."

"Kila kitu?"

"Kila kitu," akasema Shawali, kwa kuwa siku zile hakutaka limpite jambo hata moja.

Walimu walipopata habari walikusanyika, wakamtuma mmoja wao akaseme na mwandishi. Naye alikuwa Bi Tufaha binti Amrani, mjane aliyesomesha wasichana katika ua wa nyumba yake, mwanamke wa maneno machache na miwani mizito.

"Sheikh Shawali," akasema, "leo jini wako atatazama boriti. Kesho atafungua juzuu atuambie tusome nini na tuache nini."

"Bibi, mimi nimezika mtoto."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwosha," akasema Bi Tufaha. "Na bado nasema."

Hata hivyo jini akaanza kazi.

Na miezi ya mwanzo ilikuwa ya kheri. Jini alisema pana chuo ambacho maji yake ya kunywa yanatoka katika kisima chenye paka aliyekufa, na kisima kikafukiwa. Alisema pana chuo ambacho watoto watoro hufungwa minyororo miguuni, na minyororo ikakatwa, na mwalimu yule akapelekwa kwa kadhi. Alitaja vyumba kumi na vinne vyenye boriti mbovu, na mafundi wakapelekwa. Akina mama walimwombea Sultani dua njiani, na hata walimu waliokuwa na chuki wakapunguza ukali wa maneno yao.

Lakini Sultani alikuwa na waziri, jina lake Makrani, mtu aliyeamini kwamba mlango uliofunguliwa nusu ni hasara. Akasema, "Maulana, jini ana macho, tumeyatumia. Lakini ana masikio pia. Mbona hatujui watoto wa mji wako wanaambiwa nini?"

Basi ikaamriwa kwamba mwandishi alete na maneno. Mwalimu mmoja alisahau kumtaja Sultani katika dua, akaondolewa. Mwingine alisimulia habari za Firauni kwa urefu mno, akaulizwa alimkusudia nani. Ikatoka orodha ya masomo yaliyoruhusiwa, na baada ya mwezi ikatoka nyingine fupi kuliko ya kwanza. Walimu wakawa wanasomesha huku wakitazama darini. Watoto walipouliza swali waliambiwa wasome tu. Wazazi wengine wakawatoa watoto wao, wakawasomesha majumbani katika vyumba vya uani, na huko hapakuwa na mtu wa kutazama boriti wala kisima. Na Shawali alikaa kila siku na kalamu, jini mbele yake akisema bila kupumzika, vyuo mia na kumi na viwili, hata herufi zikaanza kumchezea machoni.

Kisha siku moja jini akasema, "Bi Tufaha binti Amrani amewaambia wasichana kwamba watawala nao watasimamishwa Siku ya Hesabu, na kila mmoja ataulizwa juu ya raia zake."

Shawali akaweka kalamu chini. "Huwezi kuliruka hilo?"

"Ungeniwezesha wewe, ningeliruka. Mimi siwezi."

Shawali akaliandika kama alivyoamriwa, na Waziri alipolisoma akaamuru chuo kile kifungwe, na Shawali mwenyewe akatumwa na muhuri na lakiri, nta ya kutilia muhuri, ili aufunge mlango. Akaenda. Akaingia uani, na kama ilivyokuwa desturi yake akatazama. Ardhi ilikuwa kavu, imesakafiwa vizuri. Mtungi ulifunikwa. Bakora haikuonekana. Wasichana kumi na wanane walikaa mikekani, vitabu mapajani, wakimtazama mtu aliyekuja na muhuri.

"Fanya ulichotumwa," akasema Bi Tufaha. "Sitagombana nawe mbele ya watoto."

"Naomba kwanza nikae, mwalimu."

Akaletewa kigoda. Akakaa, akauliza, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Nikiitupa pete hii, kuna sakafu nyingine itaanguka."

"Sikukuambia uitupe."

"Ulikataa jini asiingie."

"Nilikataa, nami nilikosa nusu," akasema Bi Tufaha. "Ile minyororo niliijua. Sote tuliijua, tukasema ni mambo ya mwenzetu. Njoo utazame kisima changu kila mwezi, nitakufungulia mlango. Lakini ninachomwambia mtoto kuhusu Mola wake, usinisimamie kichwani."

Ndipo Shawali akaisugua pete, na jini akatokea pale uani, na wasichana wakasogeleana.

"Samtari," akasema, "nilikuamuru uone na usikie. Sasa nakuamuru uwe kiziwi. Macho yako yabaki, masikio yako yafungwe, na asiweze kuyafungua yeyote atakayevaa pete hii baada yangu."

Jini akakaa chini taratibu, akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho. "Miaka mia nne," akasema. "Sikujua kwamba kimya kiko hivi."

Shawali akarudi barazani na lakiri yake mkononi, haikutumika, akaeleza yote aliyoyatenda. Waziri Makrani akataka mkono wake ukatwe. Sultani akamnyamazisha kwa ishara.

"Umeniharibia chombo cha ukoo wangu," akasema Sultani. "Sasa nijibu. Ikiwa katika chuo kimojawapo watoto wanafundishwa kuua jirani zao, nitajuaje?"

"Watoto hurudi nyumbani wakasema, Maulana. Aliyesikia aje kwa kadhi mchana, ataje jina lake, na mwalimu asimame ajibu mbele ya watu."

"Na tukichelewa?"

"Huenda tukachelewa," akasema Shawali. "Siwezi kukudanganya. Sina dawa isiyo na madhara. Ile tuliyoitumia mwaka huu imewafanya watu wazuri waogope na wabaya wajifiche."

Sultani akauliza, "Hilo alilolisema Bi Tufaha, ni kweli?"

"Ni kweli, Maulana."

"Najua ni kweli," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzee kuliko alivyokuwa. "Nilifundishwa nikiwa na miaka minane, na Mwalimu Farahani, miguu yake ikiwa mizima. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza isipokuwa sisi."

Na siku hiyo ikaandikwa amri kwamba dola itatazama sakafu na visima na bakora na milango na idadi ya watoto katika kila chuo, bila kuruka hata kimoja, na haitagusa somo. Makrani alitia saini wa mwisho, na tangu hapo hakumsalimu Shawali. Walimu sita waliipinga amri hata hivyo, na kila mwezi ilibidi kubishana nao mlangoni. Jini alitumika mwaka mmoja zaidi akiwafundisha mafundi kutambua boriti mbovu, kisha Shawali akamwacha huru, naye akaenda zake bila kuaga.

Sultani akamzawadia Shawali shamba la minazi na nyumba ya ghorofa mbili, naye akachagua kukaa vyumba vya chini. Akamposa Bi Tufaha, na bibi alipoulizwa na kadhi kama ameridhia, akasema ameridhia kwa sharti kwamba asomeshe kama kawaida. Arusi ilikuwa ndogo, ya mchana, na wasichana kumi na wanane ndio waliopiga vigelegele.

Basi mtawala aliyekabidhiwa watoto wa watu na akapatazama mahali wanapokaa, huyo ametimiza wajibu wake, na akitaka kuingia hadi vifuani mwao atatoka na hofu tu. Ama Shawali, kesho yake baada ya arusi alikaa uani akiwasikiliza wasichana wakisoma, akakosea kuhesabu aya, na kabla ya adhuhuri alikuwa amesinzia pale pale kwenye kiti. Bi Tufaha akawaashiria wasiinue sauti, kisha akabadili nia, akawaambia waendelee kwa sauti.