Asumini Iliyofungukia Langoni

Hapo zamani, wala msidhani zamani ya mababu, ni hii zamani ya juzi yenye barua zisizobandikwa stempu, palikuwa na mwanamke wa Tanga akiitwa Mwanakheri. Kazi yake kutunga asumini: vikuba vya kubandika kifuani, mashada, koja la bibi harusi. Asumini, wanangu, haina subira. Huchumwa ingali imefumba, na ikishafunguka, saa yake ndiyo hiyo.

Ukumbi mkubwa wa harusi ukampigia simu. "Tunataka asumini Ijumaa. Tuandikie barua pepe kama utaweza. Maneno ya mdomo hatupokei."

Mwanakheri akaandika: "Nitaweza. Kama mmeghairi, niambieni. Mkinyamaza, nitajua mmeridhia."

Wakanyamaza. Naye akacheka: "Mwali akiulizwa akanyamaza, si amekubali?"

Mara akaja jirani yake, Mama Hidaya. "Shoga, mwanangu anaolewa Ijumaa. Nitungie koja."

"Ningekutungia, shoga, lakini maua yote ya mtaa huu nimeshayaahidi ukumbini."

"Hata kikuba kimoja?"

"Nikipungukiwa mbele ya wakubwa, uso wangu nitauweka wapi?"

Mama Hidaya akajifunga kanga yake, akaondoka.

Ijumaa Mwanakheri akafika langoni na vikapu vyake. Lo! Ndani kumeshapambwa maua ya plastiki. Akatoka Salha, karani wa ukumbi. "Dada, ulinyamaza. Tukajua huwezi."

"Nilinyamaza mimi? Si ninyi mlionyamaza!"

Akaitwa Shemboza, fundi wa kompyuta. Akachakura, akaikuta barua imetupwa kwenye jalala la barua taka, imelala na barua za matapeli. Mashine haikumjua Mwanakheri, ikamtupa.

"Mimi niliandika kama mlivyotaka," akasema Mwanakheri. "Mgeni akipiga hodi akafukuzwa na mbwa, kosa ni la mgeni?"

Shemboza akasema, "Kuna barua ya tapeli iliwahi kupita. Tajiri mwenye ukumbi akaniambia, ikipita nyingine, kazi sina. Nikalikaza chujio la barua. Lakini Salha nilimwambia: kila asubuhi chungulia jalalani, hata wema huangukia humo."

"Nilichungulia mpaka nikachoka," akasema Salha. "Uchafu mtupu! Mashine ikishasema hii taka, mimi nani niipekue? Na wewe dada, namba yetu ulikuwa nayo. Ulishindwa kuuliza?"

"Niulize kwa mdomo gani, na midomo hamuipokei?"

Wakanyamaza wote watatu. Na kimya kile, wallahi, sijui mngekisoma vipi. Tajiri mwenyewe yuko ndani, anakula biriani.

Huku vikapuni asumini ikaanza kufunguka. Harufu ikajaa lango zima. Na kule mtaani vigelegele vikalia: Hidaya anatolewa, kichwani hana hata ua moja. Mama yake akawa anawaambia watu, "Asumini mwaka huu haikuchanua." Alimsitiri jirani yake, jamani, machozi yakimlenga.

Harusi hairudiwi, na ua lililofunguka halifumbi tena. Lakini mtu mmoja sharti atangulie kwenda kwa Mama Hidaya, apige hodi, akae chini mkekani, aombe radhi.

Haya, nyinyi mliokunja miguu hapo. Je, nani alistahili kutangulia?